Mlio na Linux nyumbani hapa Nairobi: stima ikirudi na wewe uko kazini, seva yako huamka?

mzee_wa_terminali aliandika:

Wadau, hamjambo.

Nimesoma nyuzi za "distro gani bora" mpaka macho yananiuma. Mint, Debian, Fedora, chukua toleo lolote la Linux, utaishi. Mimi nina swali la mtu anayekaa Nairobi. Mashine iko Kahawa West, mwenyewe uko Upper Hill ofisini. Stima inapotea saa nne asubuhi, inarudi saa sita. Saa saba ukijaribu kuingia kwenye seva yako, utaipata?

Yangu sikuwa naipata. Wacha niwasimulie, halafu kila mtu aongeze yake.

Seva yangu ni ile mashine ndogo ya ofisi, ex-UK, unene wa kitabu cha simu cha zamani, niliichukua kwenye maduka ya Luthuli. Haina skrini wala kibodi. Inakaa juu ya kabati kando ya rauta, inatunza picha za familia, inapeleka filamu kwenye televisheni kwa Jellyfin, na inachuja matangazo kwa Pi-hole. Ikiwa haina kazi inakula wati 10 hivi, yaani uniti 7 na ushee kwa mwezi, kwa hivyo tokeni hazijawahi kuleta ugomvi nyumbani.

Kwenye bayosi (ile programu inayoiamsha mashine kabla ya Linux) kuna mahali pa kuchagua mashine ifanye nini umeme ukirudi: ibaki imezima, iwake, au irudie hali iliyokuwa nayo. Nikachagua iwake. Nikachomoa waya, nikahesabu mpaka kumi, nikachomeka. Ikawaka. Nikajipigia makofi.

Wiki mbili baadaye stima ikapotea kwa saa mbili. Ikarudi. Seva kimya. Nafika nyumbani jioni, taa yake inawaka, feni inazunguka, lakini mtandaoni haijibu. Ikabidi niishushe kabatini na kuifunga kwenye televisheni. Skrini nyeusi, maandishi meupe: saa na tarehe hazijawekwa, bonyeza F1 kuendelea. Tangu saa sita mchana ilikuwa imesimama hapo inangoja mtu abonyeze F1, na kibodi haina!

Mchawi alikuwa ile betri ya sarafu, CR2032, iliyo kwenye ubao mama. Hiyo ndiyo hushikilia saa, na kwenye mashine nyingi mipangilio ya bayosi pia, wakati waya hauna umeme. Yangu ilikuwa imechoka. Ilikuwa na pumzi ya kushikilia sekunde kumi za jaribio langu la kitoto, haikuwa na pumzi ya saa mbili. Betri mpya ilinigharimu shilingi 100. Ukiwa na mita, betri nzima husoma volti 3 au zaidi kidogo, ikishuka 2.8 usibembelezane nayo.

Kwa hivyo ukinunua ex-UK badilisha betri hiyo siku hiyo hiyo. Mashine imefanya kazi miaka kadhaa ng'ambo, ikakaa stoo, ikapanda meli, na hakuna aliyeifungua kuangalia betri. Ukishabadilisha, irudishie mipangilio ya bayosi upya, kwa sababu imesahau. Na ukitaka kujaribu, ichomoe usiku kucha.

Kizuizi cha pili kilikuwa diski ya nje. Ukiiandika kwenye /etc/fstab (orodha ya diski ambazo Linux huzipachika ikiwaka) hivi hivi tu, halafu siku moja isionekane mashine inapowaka (kebo imelegea, au adapta yake imechomwa na stima ya kurudi kwa kishindo), Linux inasimama kwenye hali ya dharura na kukuomba nywila ya msimamizi. Tena kwenye skrini usiyokuwa nayo. Mstari wangu sasa uko hivi:

`UUID=... /mnt/picha ext4 defaults,noatime,nofail,x-systemd.device-timeout=15s 0 2`

UUID, yaani kitambulisho cha kudumu cha diski, unaipata kwa `lsblk -f`. Usitumie /dev/sdb, maana kesho inaweza kuamka ikiitwa /dev/sdc. Hilo neno nofail ndilo linaloiambia mashine: ukikosa diski hii, endelea na safari. Kabla ya kuwasha upya, pitisha `sudo findmnt --verify` ikusomee makosa.

Hiyo nofail ina mtego wake lakini. Wacha nione kama kuna mtu umeshamnasa.

---

nakala_mbili aliandika:

Umeninasa mimi, mzee. Nilikuwa na nofail, na nilikuwa na skripti ya kunakili picha kwenye diski ya pili kila usiku:

`rsync -a --delete /mnt/picha/ /mnt/nakala/`

Siku moja stima ikarudi na diski ya picha haikuamka. /mnt/picha ikabaki folda tupu. rsync ikaja usiku wake kama kawaida, ikaangalia upande wa kwanza, haikuona kitu, na kwa sababu ya --delete ikaufanya upande wa pili ufanane nao. Ilisafisha kila kitu bila hata onyo. Miaka sita ya picha. Asubuhi naamka, nakala haina hata faili moja.

Bahati yangu, diski ya kwanza ilikuwa imelegea kebo tu. Nilipoisukuma ikasoma. Nilikaa chini kwenye sakafu dakika kadhaa kabla ya kunywa hata chai.

---

mzee_wa_terminali aliandika:

Pole sana ndugu. Ndio mtego wenyewe. Diski isipokuwepo, ile folda bado ipo, na programu zote huiona kana kwamba ni diski. rsync itafuta, Jellyfin itasema hakuna filamu, na programu ya kupakua itaanza kuandika mle ndani mpaka ijaze diski ya mfumo.

Nina kinga mbili. Ya kwanza, diski ikiwa imetolewa, ifungie ile folda tupu:

`sudo chattr +i /mnt/picha`

Hapo hakuna programu itakayoweza kuandika ndani yake, hata root (msimamizi). Ukiipachika diski, hali hiyo inafunikwa na mambo yanaendelea kama kawaida.

Ya pili, kila skripti ianze kwa kuuliza kama diski ipo kweli:

`mountpoint -q /mnt/picha || exit 1`

Weka mstari kama huo kwa diski ya nakala pia. Na mimi rsync nimeiacha kwa kazi hii, nimehamia restic. Yenyewe kila usiku huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa, kwa hivyo hata ikikuta folda tupu leo, ya jana na ya juzi bado zipo. BorgBackup nayo hufanya hivyo hivyo. Muhimu ni kwamba nakala inayofuata kila kosa lako dakika hiyo hiyo ni kioo tu. Ndiyo maana RAID nayo (diski mbili zinazoandika kitu kimoja) huwa siihesabu. Ukifuta faili, inafutika kwenye diski zote mbili kwa utiifu mkubwa.

Na mara moja moja jaribu kurudisha. Chukua faili moja ya mwaka juzi, irudishe kwa `restic restore` kwenye folda nyingine, uifungue kwa macho yako. Diski moja ya nakala mimi huipeleka kwa mamangu Thika kila nikienda kumwona. Anaiweka kwenye sanduku moja na hati za shamba.

---

binti_wa_umoja aliandika:

Samahanini, mimi sina seva. Nina laptopu ya mtumba, RAM 4 GB, ilikuwa na Windows 10. Masasisho ya bure ya kawaida yalipokoma 14 Oktoba 2025 kakangu akaniwekea Mint. Inaenda, ila nikifungua Firefox na LibreOffice pamoja inaganda. Pia CV yangu nikiifungua ofisini inaonekana imevurugika, ukurasa mmoja unakuwa miwili. Kuna dawa?

---

mzee_wa_terminali aliandika:

Dada, karibu. Kugandisha kwanza. Kama ndani kuna diski ile ya kuzunguka, hiyo ndiyo ya kwanza kutoka. Weka SSD (diski isiyozunguka), hata ya GB 240, utadhani umebadilisha mashine. Halafu weka zram, ambayo hubana sehemu ya RAM ili ibebe zaidi kabla ya kukimbilia diski:

`sudo apt install zram-tools`

Kisha kwenye /etc/default/zramswap weka PERCENT=50, na uiwashe huduma ya zramswap upya. RAM ya 4 GB haitageuka 8, lakini kuganda kutapungua kabisa.

CV ni suala la fonti. Iliandikwa kwa Calibri, Mint haina Calibri, LibreOffice ikaweka nyingine yenye herufi za upana tofauti. Kuna fonti iitwayo Carlito ambayo kila herufi yake ina upana sawasawa na wa Calibri, na Caladea kwa niaba ya Cambria:

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`

Mistari itarudi mahali pake. Na ukituma kwa mwajiri, tuma PDF. Hakuna sababu ya kumpa mtu wa rasilimali watu nafasi ya kuona nukta zako zikiwa zimehama.

---

kifaru_mwekundu aliandika:

Naongeza kwa dada: laptopu ya zamani ni seva nzuri kuliko mashine ya mzee hapo juu, kwa sababu ina UPS (betri ya kuishikilia stima ikipotea) tumboni. Yangu ina kioo kilichopasuka, niliipata karibu bure, sasa inakaa chini ya meza imefunikwa. Kwenye /etc/systemd/logind.conf niliandika `HandleLidSwitch=ignore` ili isilale ukiifunga kifuniko. Stima ikipotea haijui.

Ila ziangalieni betri. Laptopu iliyochomekwa asilimia 100 mwaka mzima huvimbisha betri. Kwa ThinkPad na nyingine nyingi unaweza kuweka kikomo:

`echo 80 | sudo tee /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold`

Kama faili hiyo haipo, laptopu yako haikubali, na mashine ikiwashwa upya kikomo kinaweza kurudi 100, kwa hivyo wengi hutumia programu ya TLP ikumbuke kwa niaba yao. Na mkiona padi ya kugusa (touchpad) imeinuka kidogo au kifuniko hakifungi vizuri, hiyo betri itoeni siku hiyo. Ni moto unaosubiri.

---

mtaalamu_wa_giza aliandika:

Mnazunguka sana. Nunueni UPS, kazi imekwisha.

---

mzee_wa_terminali aliandika:

Mkubwa, UPS ninayo siku hizi, na siipingi. Lakini UPS ndogo inakupa labda dakika 20. Ule usiku wa Ijumaa 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia giza, dakika 20 zingekusaidia nini? UPS isiyozungumza na mashine huahirisha tu kile kifo cha ghafla.

Ile kebo ya USB inayokuja na UPS, ambayo wengi huiacha kwenye boksi, ndiyo yenye thamani. Ichomeke, weka NUT, programu inayozungumza na UPS (`sudo apt install nut`), na mashine itajua imebaki na chaji kiasi gani. Chaji ikikaribia kwisha inajizima yenyewe kwa adabu, diski zikiwa zimeandika kila kitu.

Halafu sikiliza hii, maana ilinitesa wiki nzima. Seva imejizima kwa adabu. UPS bado ina chaji kidogo. Stima inarudi. Kwa upande wa mashine, umeme haukukatika hata sekunde moja, kwa hivyo bayosi haioni sababu ya kuiwasha. Inabaki imezima na stima ipo! Dawa ni kuiambia UPS nayo ikate umeme wake baada ya seva kuzima, ili stima ikirudi mashine ione kweli umeme umekuja. Kwenye NUT hiyo ndiyo kazi ya POWERDOWNFLAG ndani ya upsmon.conf. Hakikisha mstari huo upo, na kwamba UPS yako inakubali amri hiyo. Za bei ya chini nyingine hazikubali.

---

mtaalamu_wa_giza aliandika:

Sawa, hiyo sikuijua. Boksi liko juu ya kabati. Naenda kutafuta kebo.

---

saa_tatu aliandika:

Swali dogo. Nina Windows na Ubuntu kwenye mashine moja. Kila nikitoka Ubuntu kwenda Windows saa inarudi nyuma saa tatu. Betri hiyo ya sarafu?

---

kifaru_mwekundu aliandika:

Hapana, betri yako ni nzima. Linux huandika kwenye saa ya ubao mama wakati wa UTC (saa ya kimataifa), Windows huisoma kama wakati wa hapa. Sisi tuko UTC+3, ndiyo maana tofauti ni saa tatu kamili kila mara. Betri mbovu haiwezi kuwa na nidhamu hivyo. Njia ya haraka, ukiwa Ubuntu:

`sudo timedatectl set-local-rtc 1`

Itakulalamikia kidogo, ila kwa kuwa Kenya haibadilishi saa kwa misimu, hutapata madhara. Na hakikisha eneo ni Africa/Nairobi.

---

nakala_mbili aliandika:

Kwa habari za saa, nina aibu moja zaidi. Nilimwambia mpwa wangu aniwekee kazi ya nakala "saa mbili" usiku. Kijana wa kisasa, akaandika:

`0 2 * * *`

Hiyo ni saa nane usiku. Mimi nilikuwa nazima kila kitu ukutani saa tano nikienda kulala. Miezi miwili nakala haikufanyika hata mara moja, na kati yetu hakuna aliyekuwa amekosea, kila mtu na saa mbili yake.

---

mzee_wa_terminali aliandika:

Nimecheka mpaka mke wangu ameuliza kuna nini.

Mpwa wako aandike 20, lakini afadhali mwachane na cron (ndiyo inayosoma mstari huo) kwa mashine ambayo huzimwa au hupotelewa na stima. Cron ikipita saa yake mashine ikiwa imezima, basi imepita. Kipima saa cha systemd hukumbuka:

`[Timer]`
`OnCalendar=*-*-* 20:00:00`
`Persistent=true`

Hiyo Persistent inamaanisha: kama saa mbili usiku ilipita nikiwa nimezima, nitaifanya kazi nikiamka. Kisha `systemctl list-timers` inakuonyesha iliyopita lini na inayofuata lini. Mambo ya stima yetu yanataka hivyo.

---

wa_pipeline aliandika:

Mimi kwangu mashine huamka vizuri, shida ni kuifikia nikiwa nje. Nimefungua mlango wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) kwenye rauta, nimeelekeza kwa anwani ya seva, wapi. Fundi wa mtandao aliniambia rauta ni sawa.

---

kifaru_mwekundu aliandika:

Ingia kwenye rauta uangalie anwani ya upande wa nje. Ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya rauta nyingine kubwa ya kampuni, mnatumia anwani moja na majirani wengi. Hata ufungue milango yote, ile kubwa haikujui. Tumia Tailscale: weka kwenye seva na kwenye simu, zitatafutana zenyewe kutoka ndani kwenda nje. Ukitaka kila kitu kiwe mikononi mwako, kodi seva ndogo mtandaoni na uunganishe kwa WireGuard (njia ya siri kati ya mashine zako), ambayo tangu keneli (kiini cha Linux) ya 5.6 ya mwaka 2020 imo ndani ya Linux yenyewe.

Na shukuru mlango haukufunguka. SSH yenye nywila ikianikwa nje hugongwa na roboti usiku na mchana. Tumia funguo (`ssh-keygen -t ed25519`, kisha `ssh-copy-id`), halafu zima nywila. Ukibadilisha mipangilio ya SSH usifunge dirisha ulilo nalo mpaka umeingia kwa lingine. Mnaoendesha programu ndani ya Docker nanyi: mlango unaoufungua kwa `-p 8080:80` huipita ufw (ukuta wa kinga wa Linux) kama haipo. Andika `-p 127.0.0.1:8080:80` kama hutaki jirani wa Wi-Fi aingie.

---

wa_pipeline aliandika:

Ni 100.71 na kitu. Miezi mitatu nimemlaumu fundi bure.

---

binti_wa_umoja aliandika:

Nimerudi. Nilienda Luthuli kutafuta SSD, kijana wa duka akataka kuniuzia pamoja na diski kubwa ya nje "safi kabisa" ya picha. Kabla ya kulipa nikamwomba nichomeke kwenye laptopu yangu, nikaangalia kwa smartctl, inayosoma afya ya diski, kama nilivyosoma mahali. Power_On_Hours 41,000. Current_Pending_Sector 16. Nikamwuliza hiyo ni safi aje. Akaiangalia skrini, akaniangalia, akasema hiyo ni mileji tu kama ya gari.

---

mzee_wa_terminali aliandika:

Dada umefanya vizuri kuliko wengi wetu humu. Saa 41,000 ni miaka minne na nusu na ushee ya kuzunguka bila kupumzika, hiyo peke yake mtu anaweza kuvumilia kwa bei nzuri. Zile 16 ndizo za kukimbia: ni sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua la kufanya nazo. Uliiacha?

---

binti_wa_umoja aliandika:

Niliiacha. SSD nilichukua, mpya, kwenye boksi. Laptopu sasa inawaka kabla sijakaa vizuri.

---

mtaalamu_wa_giza aliandika:

Ripoti. Betri ya sarafu nimebadilisha, kebo ya UPS nimeipata, NUT nimeweka, POWERDOWNFLAG ipo. Leo saa mbili usiku (ya Kiswahili) nikazima swichi kuu ya nyumba bila kumwambia mtu, nikasimama na tochi. Seva ikajizima yenyewe, UPS ikakata baada yake. Nikarudisha swichi. Rauta ikawaka, dakika mbili kasorobo baadaye seva ikajibu, diski zote zipo.

Ilikuwa katikati ya kipindi cha mama. Yeye bado hajanijibu.